Charles Darwin na Msitu wa Baharini

Sisi tukaao Kilosa na Mikumi hatuna haja ya kuelezwa maana ya msitu. Tukiinua macho twaiona milima ya Ukaguru na Rubeho, na tukisafiri kwa barabara kuu ipitayo katikati ya Hifadhi ya Mikumi twaona jinsi miombo na mbuga vilivyowakusanya wanyama wa kila namna. Twiga yupo kwa sababu ya majani ya mti. Ndege yupo kwa sababu ya wadudu na matunda. Chui yupo kwa sababu ya swala. Mtu akiufyeka msitu, hafyeki miti peke yake, bali huwafukuza na wote waliokuwa wakiishi humo. Jambo hili wazee wetu walilijua zamani, nasi twalijua.

Lakini bahari i mbali nasi, na wengi katika shule hii hawajaiona kwa macho. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa akiambiwa kwamba baharini nako kuna misitu, tena mirefu kuliko mingi ya nchi kavu, na kwamba samaki huishi ndani yake kama ndege waishivyo mitini. Mmoja wa watu wa kwanza kuliandika jambo hili kwa ufasaha alikuwa Mwingereza, Charles Darwin. Jina lake twalisikia darasani tunapofundishwa juu ya mageuko ya viumbe, lakini habari ya msitu wa baharini haitajwi mara nyingi. Basi katika toleo hili twawaletea wasomaji maisha yake, ili tuone jinsi kijana aliyedhaniwa kuwa mvivu alivyojifunza kutazama, na faida tuipatayo sisi katika kutazama kwake.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Charles Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, Robert Darwin, alikuwa daktari mwenye mali na sifa. Mama yake alifariki mwaka 1817, na Charles wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane tu. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Masomo ya siku zile yalikuwa zaidi lugha za kale, Kilatini na Kiyunani, naye hakuyapenda. Alichopenda ni kuokota: mawe, makombe, mayai ya ndege, na hasa wadudu. Yeye na kaka yake walitengeneza chumba kidogo cha kemia nyumbani, na mwalimu mkuu wake alimkemea mbele ya wenzake kwa kupoteza wakati katika mambo hayo.

Mwaka 1825 baba yake alimpeleka Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika Scotland, asomee udaktari. Siku hizo dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilikuwa haijaanza kutumika, na watu walipasuliwa huku wakiona na kusikia. Kijana Charles aliingia chumba cha upasuaji, akaona mtoto akipasuliwa, akatoka mbio asirudi tena. Akajua moyoni kwamba kazi ya udaktari haikuwa yake.

Hata hivyo miaka yake miwili ya Edinburgh haikupotea bure. Katika mji ule aliishi mtu mweusi aitwaye John Edmonstone, aliyekuwa mtumwa katika nchi ya Guyana, Amerika ya Kusini, kisha akapata uhuru wake. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi ngozi za ndege na wanyama ili zisioze. Darwin alimlipa amfundishe kazi hiyo, na mara nyingi alikaa naye wakizungumza, akamheshimu kwa akili yake na wema wake. Ujuzi huo ndio aliokuja kuutumia baadaye alipokusanya ndege wa nchi za mbali.

Tena huko Edinburgh alikutana na Daktari Robert Grant, mtaalamu wa viumbe vya baharini. Wakawa wakishuka pamoja pwani maji yanapokupwa, wakipindua mawe na kuchungua vidimbwi. Darwin alifanya urafiki na wavuvi wa chaza, akapanda mashua zao. Wavuvi walizoea kuona vitu vidogo vyeusi vya mviringo vimeshikamana na makombe ya chaza, na watu walidhani kuwa ni mwani mchanga. Darwin alivichungua kwa darubini ndogo, akaona kwamba ni mayai ya ruba wa baharini. Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 18, aliieleza habari hiyo mbele ya chama cha wanafunzi. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilikuwa lake mwenyewe. Tangu hapo alijua kwamba kitu kinachopitwa na watu kila siku chaweza kuwa na siri ndani yake.

Baba yake alipoona kwamba mwanawe hataki udaktari, alimpeleka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1828, asome ili awe kasisi. Huko nako alishughulika zaidi na mende kuliko vitabu vya dini. Lakini alimpata mwalimu mwema, John Henslow, profesa wa elimu ya mimea, ambaye alimpenda na kumwongoza. Alihitimu mwaka 1831.

SAFARI YA BEAGLE

Mwezi wa Agosti mwaka ule Darwin alipokea barua ya Henslow. Merikebu ya serikali iitwayo Beagle, chini ya Kapteni Robert FitzRoy, ilikuwa tayari kwenda Amerika ya Kusini kupima pwani na kuchora ramani, na kapteni alitaka kijana msomi wa kufuatana naye. Baba yake alikataa. Aliona kwamba mtoto wake, ambaye tayari alikwisha acha kazi moja, sasa anatafuta njia ya kuikimbia na ya pili. Lakini mjomba wake, Josiah Wedgwood, alimtetea kwa hoja, na mwisho baba alikubali na kulipa gharama zote.

Beagle iling'oa nanga Plymouth tarehe 27 Desemba 1831. Ilikuwa merikebu ndogo, urefu wake mita 27 hivi, na ndani yake walisongamana watu zaidi ya sabini. Darwin aliugua kichefuchefu cha bahari tangu siku za kwanza, wala hakupona mpaka mwisho wa safari. Safari iliyokusudiwa kuwa ya miaka miwili ilichukua karibu miaka mitano. Kila walipotia nanga, yeye alishuka, akatembea, akapanda milima, akakusanya mawe, mifupa, mimea na wanyama, akaandika kila alichokiona.

Katika safari hiyo walifika Tierra del Fuego, maana yake Nchi ya Moto, iliyo mwisho kabisa wa kusini wa Amerika. Nchi hiyo ni ya baridi, mvua na tufani. Wenyeji wake, hasa watu wa kabila la Yaghan, waliishi kwa mitumbwi, wakila samaki, kome na nyama ya sili. Wanawake wao walikuwa hodari wa kupiga mbizi katika maji ya baridi kali, na mitumbwi yao waliifunga kwenye mwani ulioelea. Ni lazima tuseme kweli: Darwin aliandika juu ya watu hawa maneno ya dharau, kama walivyofanya Wazungu wengi wa siku zake. Alichukia utumwa kwa moyo wote, lakini hakuwaelewa watu wa Yaghan. Walioijua bahari ile kuliko wote walikuwa ni wao.

MSITU ALIOUONA

Mwezi wa Juni mwaka 1834, Darwin akiwa na umri wa miaka 25, aliandika kwa urefu juu ya mwani mkubwa wa pwani ile. Tusidhani kwamba mwani huu ni kama ule ulimwao Unguja. Ule wa Unguja ni mdogo, hufungwa kwenye kamba katika maji ya vuguvugu na ya kina kifupi. Mwani mkubwa hukaa katika maji ya baridi, hushika mwamba chini baharini, kisha hupanda mpaka juu ya maji na kutandaza majani yake. Wataalamu wa leo wamepima mimea yenye urefu wa mita 45 na zaidi, yaani kupita minazi miwili iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Mahali pazuri waweza kurefuka karibu nusu mita kwa siku moja. Hauna mizizi ya kunyonya maji kama mti. Una mashiko tu, yaliyosokotana kama vidole vingi, ya kuung'ang'ania mwamba. Wala hauna shina gumu la kuusimamisha. Kinachouinua ni vifuko vidogo vya hewa vilivyo kwenye kila jani.

Kwanza Darwin aliona faida yake kwa mabaharia. Kila mwamba wa hatari ulioko karibu na uso wa maji ulikuwa na mwani unaoelea juu yake, kama alama ya kuonya, na merikebu nyingi ziliokoka kwa hiyo. Pili aliona kwamba mawimbi makubwa ya bahari kuu yalipoingia katika mwani yalipungua nguvu, na nyuma yake maji yalikuwa shwari.

Tatu, na hili ndilo kubwa, alitazama nini kinaishi ndani yake. Majani mengi yalifunikwa na viumbe vidogo vyenye gamba la chokaa mpaka yakaonekana meupe. Juu ya majani walitambaa konokono na wadudu wa maji wasiohesabika. Kisha alitwaa mashiko yaliyosokotana, akayatikisa. Wakaanguka samaki wadogo, kaa wa kila aina, ngisi, viti vya pweza, majongoo bahari, minyoo, na wale wanyama wa mviringo wenye miiba kama nungunungu. Kila alipotikisa mashiko mengine aliona viumbe vipya ambavyo hakuviona mwanzo. Baadaye, alipofika kisiwa cha Chiloé, upande wa Chile, mahali ambapo mwani ule haukustawi, viumbe vile vingi vilivyozoea kukaa juu yake havikuwapo.

Hapo Darwin alifikiri sana. Akaufananisha mwani ule na misitu mikubwa ya nchi za joto, kisha akasema kwamba hata msitu wa nchi kavu ukiharibiwa, hadhani kama watakufa wanyama wa aina nyingi kama watakaokufa mwani huo ukitoweka. Akafuata mnyororo hatua kwa hatua. Mwani ukitoweka, samaki wengi hawana chakula wala maficho. Samaki wakipotea, mnandi na ndege wengine wavuvi watakufa. Fisi maji, sili na pomboo watawafuata. Na mwisho wenyeji wa nchi, ambao chakula chao chatoka humo, watapungua na huenda wakaisha. Leo maneno kama hayo twayasoma katika vitabu vya kidato cha kwanza. Lakini mwaka 1834 elimu ya uhusiano wa viumbe na makao yao ilikuwa haijapata hata jina.

KURUDI NYUMBANI NA KAZI ZAKE

Beagle ilizunguka dunia. Mwaka 1835 ilipita visiwa vya Galápagos, na mwaka 1836 iliingia Bahari ya Hindi. Darwin alikitembelea kisiwa cha Mauritius, kisha Rasi ya Tumaini Jema. Hakufika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1842 juu ya matumbawe alieleza jinsi miamba ya matumbawe inavyojengwa na wanyama wadogo sana, na jinsi visiwa vya mviringo vinavyotokea kisiwa cha zamani kinapodidimia polepole huku matumbawe yakizidi kupanda. Watu walibishana juu ya hoja hiyo zaidi ya miaka mia. Mapema katika miaka ya 1950 wataalamu walitoboa mwamba wa matumbawe katika kisiwa cha Eniwetok, Bahari ya Pasifiki, na baada ya kushuka zaidi ya mita 1,200 walikuta jiwe la volkeno chini yake. Darwin alikuwa amesema kweli.

Alifika Uingereza tarehe 2 Oktoba 1836. Mwaka 1839 alimwoa binamu yake, Emma Wedgwood, na mwaka huohuo kitabu chake cha safari kilitoka. Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Down, karibu na London, nao wakakaa huko maisha yao yote. Walizaa watoto kumi, na watatu kati yao walikufa wadogo. Kifo cha binti yao Annie, mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka kumi, kilimwumiza sana baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na siku nyingi aliweza kufanya kazi kwa saa chache tu. Lakini saa hizo hakuzipoteza. Kwa miaka minane, tangu 1846 hata 1854, alichungua jamii moja tu ya wanyama wadogo wenye magamba wanaoganda kwenye miamba na matumbo ya vyombo.

Mwaka 1858 alipata barua ya mtaalamu kijana, Alfred Russel Wallace, aliyekuwa katika visiwa vya mashariki ya mbali. Wallace alikuwa amefikia fikira ileile ambayo Darwin aliifanyia kazi kimya kimya kwa miaka ishirini: kwamba viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi, na wale wafaao kwa mahali pao ndio waishio na kuzaa zaidi. Maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja tarehe 1 Julai 1858, na mwaka uliofuata, tarehe 24 Novemba 1859, kitabu kikubwa cha Darwin juu ya asili ya viumbe kikatoka. Kilileta mabishano makubwa, hasa kwa watu wa dini. Darwin hakupenda ugomvi. Alibaki kijijini kwake, akijibu barua na kuendelea na majaribio yake. Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu na jinsi wanavyoufanyia kazi udongo. Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa kwa heshima katika kanisa la Westminster, London, karibu na kaburi la Isaac Newton.

WALIOMFUATA

Baada ya Darwin walikuja wataalamu wenye vyombo vya kupumulia chini ya maji, wakaingia ndani ya msitu ambao yeye aliutazama kutoka juu ya mashua. Walikuta kwamba msitu wa baharini una ghorofa kama msitu wa nchi kavu. Juu, katika majani yaeleayo, watoto wa samaki hujificha wasiliwe. Katikati husimama makundi ya samaki wanaokula vidudu vichukuliwavyo na maji, maana mwani hupunguza kasi ya mkondo. Chini, kati ya mashiko na mawe, wamo samaki wakubwa wa kuvizia, kaa na pweza. Vipande vya majani vinavyokatika huwa chakula cha viumbe vidogo, navyo huliwa na samaki. Kwa hiyo mwani ukiondoka si lazima samaki wote wafe. Wale waliozoea mwamba mtupu huweza kubaki. Lakini wale wanaolelewa katika majani hupungua au hupotea, na jamii yote ya samaki hugeuka. Hivyo wataalamu hao walisahihisha kidogo hesabu ya Darwin, lakini hoja yake ilisimama.

Kisa kimoja kinalionyesha jambo hili vizuri. Katika Pasifiki ya kaskazini, wawindaji waliwaua fisi maji wa baharini kwa ajili ya manyoya yao tangu karne ya 18, hata mwaka 1911, mataifa manne yalipopatana kukomesha uwindaji huo, wakawa wamebaki wachache sana. Mwaka 1974 wataalamu James Estes na John Palmisano walieleza walichokikuta katika visiwa vya Aleutian. Mahali fisi maji walipokuwapo, msitu wa mwani ulistawi. Mahali walipokwisha, wale wanyama wa miiba, ambao ni chakula cha fisi maji, walikuwa wamezidi na kuutafuna mwani mpaka mwamba ukabaki mtupu. Mwindaji alitaka ngozi tu, wala hakujua kwamba anaukata msitu.

Siku zetu adui mwingine ni joto. Kati ya mwaka 2014 na 2016 bahari ya California ilipata joto lisilo la kawaida, na katika sehemu ya kaskazini zaidi ya tisa katika kumi ya misitu ya mwani ilitoweka. Lakini katika ncha ile ya Amerika ya Kusini aliyoitembelea Darwin, wataalamu walioizamia mwaka 2018 walikuta msitu haujabadilika sana tangu ulipochunguzwa mwaka 1973. Maji yake yamebaki baridi, na watu ni wachache.

PWANI YETU NA MITO YETU

Pwani ya Waswahili ina maji ya joto, kwa hiyo mwani mkubwa hauoti Tanga wala Mombasa. Ndugu zetu walioko Omani ndio walio karibu nao: katika pwani ya Dhofar, wakati wa pepo za kusi, maji ya baridi hupanda kutoka chini, na mwani wa jamii hiyo huota. Wapiga mbizi wa Mirbat huchuma huko konokono wa baharini mwenye thamani kubwa, anayeishi kwa kula mwani.

Lakini kazi ileile hufanywa kwetu na matumbawe, mikoko na majani ya bahari. Tasi na pono hulisha katika majani ya bahari. Kamba wachanga hukua kati ya mizizi ya mikoko. Changu hujificha matumbaweni. Hata kisa cha fisi maji tunacho. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, mahali ambapo samaki aitwaye kikande amevuliwa kupita kiasi, wanyama wa miiba aliokuwa akiwala wamezidi, wakala majani ya bahari na kuumomonyoa mwamba. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, kikande ni wengi na wanyama hao ni wachache. Naye avuaye kwa baruti, mbali na kuvunja sheria, hupata samaki wa siku moja na kuibomoa nyumba ya samaki wa miaka mingi.

Huenda mzazi wa Kilosa akauliza, yatuhusu nini? Na atazame Mkondoa. Maji yake hupita mjini kwetu, huungana na yale ya Mkata yatokayo upande wa Mikumi, huwa mto Wami, na huingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani, penye mikoko na kamba. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka kwenye mlima uliokatwa miti huanza safari hiyohiyo. Na kabla haujafika kwa wavuvi hutuumiza sisi wenyewe. Wazee wetu wanakumbuka mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, Mkondoa ilipovunja kingo zake, ikaharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makao. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Lakini mlima usio na miti hauyazuii maji.

Darwin hakuwa na chombo cha ajabu siku ile ya Tierra del Fuego. Alikuwa na mikono miwili, kalamu, na subira ya kutikisa mashiko ya mwani na kuandika kila kilichoanguka. Mwanafunzi wa shule hii aweza kufanya vivyo hivyo likizo ijayo. Achague mti mmoja wa miombo, au fungu moja la matete kando ya mto, akae hapo asubuhi moja, ahesabu kila kiumbe akionacho juu yake, chini yake na ndani yake, akiandika katika daftari. Kisha na aende mahali ambapo mti kama huo umekatwa, ahesabu tena. Daftari hizo mbili tukizilinganisha darasani, tutakuwa tumeanza pale alipoanzia Darwin.